Mbalamwezi ndiyo iliyokuwa ikinimaliza: nilivyoacha kubeti

Kijana mmoja wa Kasulu kanitumia ujumbe wiki hii. Anauza simu, ana mke na mtoto, na kila akishika hela ya mzigo inaishia kwenye mkeka wa kubeti. "Kaka, shikamoo. Nimeapa mpaka nimechoka kuapa. Wewe uliwezaje? Na haya madeni nianze na lipi?" Nimemjibu kwa kifupi, lakini swali lake linastahili jibu refu, na najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma tunatafuta kitu kilekile: mtaji usioyumba, kiwanja, na mzigo unaoingia Dar ukiwa na jina lako.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kigoma, nanunua mwaloni Kibirizi na Katonga. Aliyekulia huku anajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa inawavuta. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, taa haina kazi, na mitumbwi inapumzika. Siku hizo za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu, na sisi wachuuzi tunashinda vijiweni na mauzo ya giza lililopita mfukoni, hatuna pa kuyapeleka.

Kwa miaka niliamini tatizo langu ni la kila siku. Halafu usiku mmoja nikakaa na simu, nikapitia ujumbe wa miamala mmoja mmoja kurudi nyuma. Wakati wa giza nilikuwa naweka dau dogo, au siweki kabisa. Hela zote kubwa ziliondoka mbalamwezi. Mwezi huu hivyo, uliopita hivyo, na ule wa kabla yake hivyohivyo.

Hilo lilinisaidia kuliko viapo vyangu vyote. Nilikuwa najiita mtu asiye na nidhamu, na huku naamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi, nageuza dagaa kwenye chanja jua likiwa utosini bila kusimamiwa na mtu! Nenda Ujiji mwezi wa Ramadhani uone wavuta sigara wa miaka mingi wanavyokaa alfajiri hadi magharibi bila kuigusa. Nidhamu wanayo. Saa imeshapangwa, nyumba nzima imefunga, jirani kafunga, hakuna mjadala wa kufungua saa nane mchana. Mimi mbalamwezi sikuwa na saa iliyopangwa wala mtu wa kufunga naye. Nilikuwa na hela na simu.

Basi nikaweka mpaka. Mauzo ya mwisho wa giza yanakwenda kwa mke wangu siku hiyohiyo, kabla sijaoga. Yeye ananunua hisa kwenye kikoba, zinazobaki zinakaa kwenye laini yake. Mimi nabaki na ya kula na nauli. Simu kubwa naiacha nyumbani, natembea na kitochi. Na jioni, muda ambao kijiweni wanaanza kupanga mechi, niko kazini kwa fundi seremala jirani yangu, nampigia msasa. Sitaki malipo. Hamu inapanda kweli, mikono inataka simu, halafu inashuka yenyewe. Kinachotakiwa ni kuwa mbali na hela wakati inapanda.

Kuna jambo moja nataka mlielewe vizuri, maana ndilo lililonishika. Mkeka wako una timu kumi, na unalipa zikishinda zote tu. Tisa zimetiki. Ya kumi inaongoza moja bila, dakika ya tisini na tatu wanasawazisha. Moyo haukuambii "nimepoteza", unakuambia "nimekaribia". Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba mnyama anayepewa chakula mara moja moja, bila mpangilio anaoweza kuukisia, chakula kikikatwa anaendelea kubonyeza kitufe muda mrefu kuliko aliyezoea kupewa kila mara. Ndivyo mkeka ulivyo. Sasa piga hesabu: chukua mechi kumi, kila moja timu yako ina nafasi 7 kati ya 10 za kushinda, yaani timu nzuri kabisa. Zote kumi kushinda kwa pamoja ni chini ya 3 kwa 100. Hukukaribia ndugu yangu. Na anayekuambia ni uhuni tu, mjulishe kwamba Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Maneno ya watu nayajua. Kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu, tunagawana kazi, shemeji alisema mbele ya wazee: "Hela asishike huyu." Hakuna aliyenitetea, hata mama aliinamisha kichwa. Sijasahau na sijui kama nitasahau. Mwaka huu ukoo huohuo umenipa daftari la michango, mimi ndiye mweka hazina. Shemeji aliniletea mchango wake mkononi, nikauhesabu mbele yake, nikamwandikia risiti. Nasema haya kwa fahari na siombi radhi, kwa sababu kuna msomaji leo anaitwa jina baya kwao na anadhani litamfuata hadi kaburini.

Mtihani mkubwa ulikuja serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu kwangu ilikuwa mbalamwezi isiyoisha. Sikungoja nione nitakuwaje. Kabla ziwa halijafungwa, mtaji ulishahamia kwenye mawese na maharage ya Kasulu. Nilizungukwa na mizigo, sikuwa na siku tupu. Na mpira sikuacha: Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, wakicheza uwanja wa Lake Tanganyika naingia, napiga kelele mpaka sauti inakauka. Kupenda timu hakuhitaji dau. Amkeni jamani, raha ya mpira tulikuwa nayo kabla ya mikeka!

Sasa wewe wa Kasulu. Kwako hakuna mbalamwezi, kuna siku unayolipwa na wateja na siku unayosafiri kufuata mzigo, na katikati yake kuna usiku. Nahisi ni huo, lakini usinisikilize mimi, pitia miamala yako mwenyewe leo. Ukishaona, amua hela italala wapi usiku huo na nani ataishika. Kama ni mkeo, mweleze yote kwanza, maana siku unamkabidhi hizi atakuuliza zile za nyuma zilikwenda wapi. Ukimficha nusu, atakurudishia hela ukimwomba kwa sauti ya upole, na utamwomba. Mimi nilimwomba. Alikataa kwa sababu alikuwa anajua kila kitu. La madeni uliloniuliza niandikie tena ukishazungumza naye, tuone nani alipwe kwanza.