Jua la Dodoma halitoshi kwa mgonjwa wa figo

Tangu mama aanze kusafishwa damu kwa mashine, ushauri tunaopewa zaidi na ndugu na majirani ni wa jua: mtoeni nje asubuhi apate vitamini D, mifupa iache kumuuma. Wanasema kwa upendo, na hapa Dodoma jua si la kutafuta. Lakini wewe unayeuguza unapaswa kujua linapokwamia.

Ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, ini huibadilisha, kisha figo huikamilisha ndipo ifanye kazi. Figo zikishindwa, hatua hiyo ya mwisho hudorora hata mgonjwa akishinda juani. Kalsiamu ya damu hushuka, fosforasi hupanda, na tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi humwaga homoni inayochota kalsiamu kwenye mifupa. Mifupa huuma, na huvunjika kirahisi.

Ndiyo maana daktari wa figo huandika alfakalsidoli au kalsitrioli, dawa za vitamini D ambazo haziingoji figo. Vitamini D ya kawaida, ile ya chupa za duka la dawa, anaweza kuiongeza kipimo kikionyesha upungufu, ila haizibi pengo la hizo. Dada yangu alipoleta chupa yake, tuliipeleka kliniki kwanza kabla mama hajaionja, nami nawasihi mfanye vivyo hivyo. Kalsiamu ikizidi, hujijenga kwenye kuta za mishipa na kuudhuru moyo. Ulizeni majibu ya vipimo vitatu, kalsiamu, fosforasi na homoni ya parathiroidi, myaandike kwenye daftari lenu.

Nyumbani kwetu kazi ngumu ni fosforasi. Karanga, maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, soda nyeusi, zote zinayo. Mama ni Mgogo; mlenda usio na karanga kwake haujakamilika, basi tulikubaliana naye karanga zipungue sana. Kidonge cha kalsiamu kaboneti alichoandikiwa anakimeza akiwa anakula, kwa sababu kazi yake ni kuikamata fosforasi ya chakula tumboni. Akikimeza kabla ya kula, fosforasi itapita, na kalsiamu itaingia kwenye damu bure. Hata kwenye harusi anavibeba kwenye mkoba.

Mgonjwa wenu anayetumia dawa hizi akianza kichefuchefu, choo kigumu, kiu isiyo ya kawaida au kuchanganyikiwa, msingoje siku yake ya mashine. Pigeni simu kliniki siku hiyohiyo, mwombe kalsiamu ipimwe.