Maswali na Majibu: Antijeni yenye mionzi na seli za kinga

Wiki iliyopita niligusia jaribio la Gordon Ada na Pauline Byrt wa Melbourne, Australia, lililochapishwa 1969: seli za kinga za panya zilikutanishwa na antijeni (kitu ambacho kinga ya mwili hukitambua) iliyobandikwa iodini yenye mionzi, na zile zilizoikamata zikazimika. Barua zimekuja nyingi. Nazijibu chache.

Mionzi haina macho. Iweje iue seli hizi na kuziacha zile? (Msomaji, Morogoro)

Kuchagua hakufanywi na mionzi, hufanywa na seli yenyewe. Kila seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili (protini zinazoishika antijeni), imejaa vipokezi juu ya utando wake, na vipokezi vyote vya seli moja hushika umbo lilelile moja. Mimina antijeni moja kwenye mamilioni ya seli za bandama: karibu zote zitaipuuza, chache sana zitaing'ang'ania. Ni chambo, na anayekidharau hadhuriki. Iodini-125 inafaa kazi hii kwa sababu elektroni nyingi inazotoa haziendi mbali. Nguvu yake huishia kwenye seli iliyoibeba, jirani akabaki salama. Isitoshe, seli hizi ni dhaifu mno mbele ya mionzi.

Walijuaje kwamba ni mionzi iliyofanya kazi, si antijeni yenyewe iliyozilaza seli? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Antijeni yao ilikuwa flajelini, protini ya vile vijimkia ambavyo bakteria wa Salmonela huogelea navyo. Seli zililowekwa nayo kwenye baridi, zikaoshwa, kisha zikadungwa kwa panya waliokwisha kupigwa mionzi mikali hadi kinga yao wenyewe ikafutika. Kwa hiyo kingamwili yoyote ambayo ingeonekana baadaye ingetoka kwa seli za kupandikizwa tu.

Panya hao walipochanjwa kwa flajelini ileile, hawakuitikia ipasavyo. Walipochanjwa kwa flajelini ya Salmonela wa aina nyingine, kingamwili zikatoka kama kawaida. Na seli zilizolowekwa kwenye flajelini isiyo na mionzi hazikupoteza uwezo wake. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Hata hivyo, waandishi walikuwa waangalifu: kichwa cha makala yao kinasema seli "zimezimwa", hakisemi zimeuawa.

Uzito wa jambo unatokana na mabishano ya wakati ule. Kulikuwa na nadharia kwamba antijeni ndiyo inayoifinyanga kingamwili, kwa hiyo seli yoyote ingeweza kutengeneza kingamwili yoyote. Mwanasayansi Macfarlane Burnet, aliyewahi kuiongoza taasisi ya Walter and Eliza Hall ya Melbourne, ambako jaribio hili lilifanyika, alidai mwaka 1957 kwamba kila seli huzaliwa na umbo lake tayari, na antijeni huja kuichagua tu. Kama nadharia ya kwanza ingekuwa sahihi, seli zilizobaki zingeziba pengo. Hazikuziba.

Na seli T? (Msomaji, Mombasa)

Seli T ni aina nyingine ya seli za kinga. Mwaka 1971 watafiti Antony Basten, Jacques Miller na wenzao walionyesha kwamba nazo huzimika kwa njia hiyo. Lakini siku hizi tunajua seli T hutambua vipande vya antijeni vilivyoshikiliwa na seli nyingine, kwa hiyo habari yao haikunyooka kama ya seli B.

Shikamoo mwalimu. Mama yangu alipewa iodini ya mionzi kwa sababu tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo hii? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Siyo hii. Aliyopewa mama kwa kawaida ni iodini-131, ambayo nusu yake huisha kwa siku 8. Ile ya maabara huchukua takribani siku 60. Tiba yake haihitaji antijeni, maana tezi huivuta iodini yenyewe. Na kama ana ugonjwa wa Graves, wenye kosa ni seli B zinazotengeneza kingamwili za kuichokoza tezi, ila anayepigwa ni tezi. Si haki, lakini inasaidia.

Basi kwa nini lupasi haitibiwi kwa njia hii? (Msomaji, Kigoma)

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe. Seli za bandama zilizo ndani ya chupa ni kazi nyepesi. Mwili mzima ni kazi nyingine. Mgonjwa tayari ana kingamwili zinazoelea kwenye damu, nazo zitaidaka antijeni kabla haijafika kwenye seli. Iodini itakayobanduka itakimbilia tezi ya shingo. Seli zinazotoa kingamwili kwa wingi zina vipokezi vichache sana juu yake, zitaponyoka. Uboho utaendelea kuzaa seli mpya. Na lupasi ina antijeni nyingi, sasa utaanza na ipi?

Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichukua seli T wakazivisha desmogleini 3, protini inayoshambuliwa katika pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge ya ngozi na kinywa. Seli B yenye kosa ikiishika protini hiyo, inauawa na seli T, bila mionzi yoyote. Katika majaribio yao, kingamwili zilizokuwa zikielea hazikuizuia kazi hiyo.