Kung fu na mauzo ya tiketi

SWALI: Mhariri, rafiki yangu anashikilia kuwa filamu ya kung fu isiyo ya Kiingereza haiwezi kupata fedha nyingi Marekani. Ni kweli?
Msomaji wako

JIBU: Si kweli hata kidogo, ndugu yangu. Mwambie atazame Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Ang Lee. Wahusika wanazungumza Kichina mwanzo hadi mwisho, na Wamarekani walisoma tafsiri chini ya picha. Iligharimu takriban dola milioni 17, ikaingiza zaidi ya milioni 200 duniani, 128 kati ya hizo Marekani peke yake!

Mimi naamini siri ni pambano la juu ya mianzi. Chow Yun-fat na Zhang Ziyi walining'inizwa kwa nyaya, matawi yakipinda chini ya miguu yao, kisha nyaya zikafutwa kwa kompyuta. Hapo hakuna anayehitaji mkalimani.

Na njia ilikwishafunguliwa. Enter the Dragon ya Bruce Lee, ya 1973, ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 1, ikajaza kumbi kila pembe ya dunia. Inauma kwamba mwenyewe alifariki Julai mwaka huohuo, kabla haijaanza kuonyeshwa.