Mtani akidumbukia mtaroni

Nilihamia Dar kutoka Tabora nikiwa simjui mtu zaidi ya binamu yangu wa Mbagala, naye alikuwa anashinda kazini. Walionipa watu ni tawi la Simba. Nilianza kwa kwenda kuangalia mpira tu. Baada ya miezi michache nina kadi, nina jina ("Tabora"), na nisipoonekana siku mbili kuna mtu anagonga mlango. Baba alipofariki, tawi lilichanga rambirambi kabla hata kazini hawajapata habari. Kwa hiyo anayeniambia ushabiki ni upuuzi huwa namwacha aongee.

Ila kuna jioni niliionea aibu jezi yangu. Dabi ya Kariakoo imeisha, tumeshinda, tunatoka uwanja wa Mkapa tunaimba. Mbele yetu kijana wa Yanga akawa anakwepa bodaboda, akadumbukia mtaroni. Kandambili moja ikabaki juu kwenye zege. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kabisa. Yule bwana kashika kifundo cha mguu, kauma meno, na sisi watu kama kumi, wazima wa afya, simu mkononi tunampiga picha.

Mama mmoja muuza maji, ndoo kichwani, akasimama. "Nyie si mnaitana watani? Mtani ndiye anayechimba kaburi. Mmekaa mnachekelea!"

Mimi Mnyamwezi, utani naujua. Msibani mtani anakuja na vituko, anaweza hata kumwigiza marehemu watu wakacheka huku wanalia, lakini ni huyohuyo anayeshika jembe. Simba na Yanga tumechukua kejeli, jembe tumeliacha kijijini. Nikashuka mtaroni. Wenzangu wawili wakafuata, tukamtoa, mguu umevimba kama andazi, tukamtafutia bajaji.

Baadaye nikasoma kuhusu jaribio la kina Mark Levine wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, lililochapishwa 2005. Waliwachukua mashabiki wa Manchester United, wakawafanya kwanza waifikirie timu yao, kisha wakawatuma jengo jingine. Njiani kijana anakimbia, anateleza, anashika mguu kwa maumivu. Akiwa na jezi ya United, karibu wote walimsaidia. Akiwa na ya Liverpool, mahasimu wao, 3 tu kati ya 10. Wakarudia na kundi jingine, safari hii wakiwaambia wafikirie raha ya kuwa shabiki wa mpira, timu yoyote. Mwenye jezi ya Liverpool akasaidiwa na 7 kati ya 10. Watu wa aina ileile, mahasimu walewale. Yule mama wa maji alifanya hivyohivyo kwa sentensi tatu na ndoo kichwani.

Kwa hiyo sikushauri uvue jezi. Ninachokushauri ni uwe na jina kubwa zaidi karibu na ulimi. Siku hizi mtu akizidiwa kwenye daladala sisemi "huyu dada anaumwa". Nasema "jamani, abiria mwenzetu", na mara nyingi mtu wa kwanza kuinuka ni yule aliyekuwa anajifanya amelala. Na ukiwa wewe ndiye uliyekwama, usiombe msaada hewani. Tafuta mnachoshirikiana na huyo aliye mbele yako, hata kama ni foleni tu, ukitaje.

Chunga pia neno "wenzetu". Kiswahili chetu kina ujanja hapo: "mwenzetu kafiwa" linamvuta mtu ndani, "wenzetu wa Yanga wana mambo" linamtoa nje taratibu. Kwenye kikoba chetu nimewahi kusikia "wenzetu wapangaji", nikajua hao mkopo wao utachelewa. Na kweli ulichelewa.

Kinachonisumbua ni kwamba katika lile jaribio kulikuwa na kijana wa tatu, mwenye shati la kawaida lisilo na timu. Mashabiki walipopanuliwa mioyo mpaka kwa Liverpool, yeye bado wengi walimpita. Kila jina kubwa lina ukuta wake mahali fulani. Huyo sijajua nimwiteje, na kwenye msongamano wa Kariakoo nampita kila siku.

Kijana wa mtaroni tulibadilishana namba. Timu yake ikitufunga, saa hiyohiyo ananitumia picha ya ule mguu.