Chakula au pesa kwa stoo ya kanisa?

Umeuliza kipi bora kupeleka kwenye stoo ya kanisa inayolisha wenye njaa, chakula au pesa. Mimi ningepeleka pesa: wao hununua kwa jumla, na wanajua kilichopungua. Ukipenda kupeleka chakula, waulize kwanza, na tazama tarehe ya mwisho ya matumizi. Kilichopitwa na muda huishia jalalani baada ya kumchosha anayekichambua. Sikukuu zikipita ndipo rafu hubaki tupu, kwa hiyo kidogo cha kila mwezi kinafaa zaidi. Mikono nayo inahitajika, kupika, kupakua, kuosha masufuria (hapo ndipo watu hutoweka!). Hata mitume, Matendo sura ya 6, waliagiza wachaguliwe watu 7 baada ya wajane kusahaulika kwenye mgawo wa kila siku.