Mtini wako haujafa, umelala: uache ulale mpaka masika ya huku

Dada, usiutupe. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mtini uliununua Juni, uko kwenye chungu, wewe uko Ottawa, majani yalianza kuwa manjano mwishoni mwa Oktoba na sasa yamepukutika yote. Wiki mbili zilizopita umeuingiza sebuleni kwenye dirisha la jua karibu na hita, na unaumwagilia kila baada ya siku mbili ili upate nguvu. Kwa hayo uliyoeleza, mti huo ni mzima kabisa. Kinachonitia hofu ni hiyo sebule.

Kwanza uondoe wasiwasi. Chukua tawi moja, kwangua gome kwa ukucha, sehemu ndogo tu kama punje ya mchele. Ukiona rangi ya kijani yenye unyevu chini ya gome, tawi lina uhai. Ukikuta kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwangue tena. Mtini unaweza kufa nchani ukawa hai katikati, na hata shina lote likifa mizizi huweza kuchipua upya. Mimi siutangazi mtini kuwa umekufa kabla ya mwisho wa Juni.

Nakuelewa ulivyoshtuka, maana mimi ni mtoto wa Tanga na kwetu mwembe hauvui nguo. Lakini mbuyu tunaujua. Kiangazi kikikaza, mbuyu unabaki mifupa mitupu na hakuna mtu anayeufuata na shoka. Kila mmoja anajua kwamba unangoja mvua. Mtini unafanya vivyo hivyo, ila unaoukwepa si ukame, ni baridi. Asili yake ni nchi za kuzunguka Bahari ya Kati na Asia ya Magharibi, ambako majira ya baridi yapo, ingawa si makali kama ya Kanada. Kulala ni sehemu ya maisha yake.

Nipo Scarborough, Toronto, na nimepoteza mitini mitatu kabla sijaelewa. Nakusimulia yote mitatu kwa sababu naona uko kwenye njia ya ule wa kwanza.

Huo wa kwanza niliuweka sebuleni, kama wewe. Januari ukachipua, nikafurahi nikapiga picha nikawatumia watu nyumbani. Machipukizi yalikuwa marefu, membamba, ya kijani kilichopauka, kwa sababu mwanga wa Januari huku hautoshi hata mwenye dirisha la kusini. Hewa ya hita ni kavu, utitiri ukajaa chini ya majani na utando wake mwembamba. Majani yakaanguka, ukatoa mengine, yakaanguka tena. Kila mara mti ulikuwa unakula akiba iliyowekwa kwenye shina na mizizi, na haukuwa unapata jua la kuirudisha. Ulipofika Mei haukuwa na kitu cha kuchipulia.

Wa pili niliupeleka kwenye banda la gari, mahali sahihi, lakini nikawa naumwagilia kila Jumamosi. Mti usio na majani haunywi. Aprili nilipoutoa kwenye chungu, mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka tope la kinamasi.

Wa tatu ulilala vizuri sana, na kosa likaja mwishoni. Wiki ya kwanza ya Aprili ilikuwa na jua, watu wanatembea na fulana, nikautoa nje nikauacha huko. Ukafungua majani. Usiku mmoja jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, ikashuka, na asubuhi majani yote yalikuwa meusi yamelala kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Ulichipua tena kutoka chini, ila ukiwa umechelewa, na tini zake zilibaki kijani na ngumu hadi Oktoba. Msimu uliofuata haukuamka.

Ukiiangalia vizuri misiba hiyo mitatu, hakuna hata mti mmoja uliouawa na baridi ya Januari. Hilo ndilo nililotaka ulione.

Sasa sababu yake, maana ukiijua hutahitaji kuuliza watu kila mwaka. Siku zinapofupika na usiku kuanza kupoa, mti unaacha kurefuka. Unavuta virutubisho kutoka kwenye majani na kuvirudisha kwenye matawi na mizizi, halafu unajenga tabaka jembamba kwenye kikonyo cha kila jani. Jani linadondoka na kovu linazibwa. Baridi ikizidi, sehemu ya wanga uliohifadhiwa hugeuka sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Ndiyo maana tawi la mwaka huu lililokwisha kukomaa, likawa la kahawia na gumu, linaweza kuvumilia hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, ilhali ncha ya kijani isiyokomaa hufa kwa jalidi ya kawaida tu. Kwa sababu hiyo mimi mbolea yenye naitrojeni nyingi nasimamisha mwisho wa Julai. Mti unaolishwa hadi Septemba unaingia baridi ukiwa bado laini.

Usingizi wenyewe una awamu mbili, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Awamu ya kwanza mti umelala kwa hiari yake: hata ukiupa joto, unasita kuamka mpaka utimize idadi fulani ya saa za baridi, yaani saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi 7. Aina nyingi za tufaha zinadai kama saa 1,000. Mtini unadai kidogo mno, kati ya saa 100 na 300 hivi. Piga hesabu: saa 200 ni siku nane au tisa tu za baridi mfululizo. Kwa hiyo kabla hata ya mwaka mpya mtini wako umeshatimiza deni lake. Kuanzia hapo ni awamu ya pili: umelazwa na baridi, haulali tena wenyewe. Ukipata joto la siku kadhaa, unaamka, iwe Januari au Februari, bila kujua kwamba nje kuna theluji ya kufika magotini.

Kazi yako yote kuanzia sasa hadi Mei ni kuuweka mahali penye baridi ya kuulaza na isiyofikia ya kuuua. Kati ya sifuri na nyuzi 7 ni pazuri kabisa.

Umesema una banda la gari lililoungana na nyumba, halina hita. Hapo ndipo kwake. Upeleke leo au kesho, kabla hizo wiki mbili za sebuleni hazijaanza kuuchokonoa. Nunua kipimajoto kinachokumbuka joto la chini na la juu, ukiweke pembeni ya chungu kabisa. Ukutani kitakudanganya, maana banda moja lina hali mbili. Upande wa ukuta wa nyumba kuna joto, na upande wa mlango mkubwa upepo unapita. Ukiona kinasoma zaidi ya nyuzi 10 siku kadhaa, sogeza chungu kuelekea mlangoni. Kikishuka chini ya nyuzi 4 chini ya sifuri, rudisha chungu kwenye ukuta wa nyumba na ukizungushie blanketi kuukuu. Nasema chungu, sijasema matawi, kwa sababu mizizi ndiyo dhaifu kuliko shina. Ardhini udongo unaihifadhi, lakini chungu kinapigwa na baridi pande zote. Kwa hiyo chungu kisikae juu ya saruji tupu. Weka ubao au kipande cha godoro la sponji chini yake.

Mwanga hauhitaji, hauna majani ya kuutumia. Giza si tatizo.

Maji: kikombe kimoja kila wiki tatu au nne, basi. Jifunze uzito wa chungu kwa kukiinua. Kikiwa chepesi sana, upe maji. Kikiwa kizito, ondoka. Udongo usikauke ukawa vumbi, kwa sababu mizizi nayo inakauka, lakini kati ya kiu na mafuriko, mtini uliolala huvumilia kiu zaidi. Na kama bandani kuna panya, zungushia shina wavu wa waya. Wakikosa chakula hutafuna gome, na gome likiliwa duara zima sehemu ya juu haiponi.

Uliuliza pia kama unaweza kuupanda ardhini mwakani. Hapa kwetu Toronto inawezekana kwa jasho. Jirani yangu ni mzee wa Kitaliano kutoka Calabria, mtini wake uko ardhini na kila Novemba anaulaza chini. Waitaliano wengi waliohamia mji huu baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja na desturi hiyo. Nimekuwa nikimsaidia kwa miaka sasa, kwa kuwa mgongo wake haukubali tena. Majani yakishaanguka, tunafunga matawi kwa kamba mpaka mti unakuwa kama ufagio. Tunachimba handaki upande mmoja, refu kama mti wenyewe. Kisha tunakata mizizi ya pande mbili kwa sepetu na kuusukuma taratibu mpaka unalala ndani ya handaki. Juu tunapanga mbao, majani makavu, turubai, halafu udongo. Huko chini ardhi yenyewe inautunzia joto karibu na sifuri, hata usiku ambao hewa juu iko nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwisho wa Aprili tunaufukua, na yeye husisitiza iwe siku ya mawingu, ili gome lililokaa gizani miezi mitano lisiunguzwe na jua. Nimejifunza kwake mambo ambayo sikuyapata popote. Lakini Ottawa kuna baridi kuliko huku na ardhi inaganda chini zaidi, na mti wako ni mchanga. Baki na chungu.

Masika ndiyo mtihani wenyewe. Mwishoni mwa Machi, macho ya mti, yaani machipukizi yake, yakiwa bado yamefumba, ndio wakati wa kupogolea na kubadilisha udongo. Vaa glavu. Utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi halafu jua likaipiga, unapata malengelenge kama ya kuungua moto. Mwanangu yalimpata mkononi na alama zilikaa miezi.

Baada ya hapo angalia macho ya nchani kila siku chache. Kama hayajafunguka mwisho wa Aprili, unaweza kuutoa nje upande wenye kivuli, ukawa tayari kuurudisha usiku wenye jalidi. Kama yamefunguka bandani, usiuache nje usiku mpaka hatari ya jalidi ipite, ambayo kwako ni hadi katikati ya Mei, na miaka mingine zaidi. Mimi hutumia kigari cha magurudumu manne: mchana nje, jioni ndani, wiki tatu nzima. Inachosha, ila wiki hizo tatu ndizo zinazoamua kama utakula tini Septemba. Majani yaliyofungukia kivulini yape jua kidogo kidogo, kuanzia jua la asubuhi, la sivyo yatababuka.

Kuhusu matunda, mtini unaweza kuzaa mara mbili. Tini za mwanzo wa kiangazi hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, na zile za vuli hutoka kwenye matawi mapya. Ndiyo maana mti uliokufa juu ukachipua kutoka mizizini bado unaweza kuzaa, mradi muda utoshe. Tawi jipya likifikisha majani matano au sita, mimi huikata ncha ili mti uache urefu ushughulikie matunda. Na usizichume zikiwa ngumu ukitarajia ziivie kwenye kapu kama maembe. Tini haiivi ikishachumwa. Ingoje shingo yake iiname.

Shangazi yako aliyekushauri upande mbegu za tini kavu za Ramadhani, mshukuru kwa upole. Tini hizo nyingi hutoka Uturuki, na aina inayokaushwa huko inahitaji nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya tunda kuleta chavua. Nyigu huyo haishi Kanada. Mti utakaoota unaweza kukua miaka mingi ukadondosha tini zote changa. Kwa huku chagua aina zisizohitaji nyigu na zinazoiva mapema: Chicago Hardy, Florea, Ronde de Bordeaux. Ukipata mtu mwenye mti mzuri, muombe kipandikizi. Mtini unashika kwa urahisi, karibu kama muhogo.

Ukishaupeleka bandani, niandikie kipimajoto kinasoma ngapi alfajiri siku tatu mfululizo, na chungu kina ukubwa gani, lita ngapi. Nitakuambia kama blanketi linahitajika sasa au lisubiri Januari.