Fundi Anajibu: Sauti imepotea baada ya kuondoa programu

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Muheza. Jioni nafundisha Hisabati kidato cha nne kwa Zoom. Mvua ikinyesha bati linanizidi sauti, kwa hiyo mjukuu wangu aliniwekea programu ya kurekodi masomo ambayo pia husafisha kelele. Haikunifaa, nikaiondoa. Tangu siku hiyo laptopu haitoi sauti, na wanafunzi wanasema hawanisikii. Natumia Windows 10. Fundi wa mjini anasema spika zimeungua, nimpe aweke nyingine na apige Windows upya. Nimpe?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Usimpe bado. Spika na maikrofoni ni vitu viwili tofauti, na ni vigumu sana viungue pamoja siku ileile uliyoondoa programu. Mimi natafuta kosa kwenye mipangilio kabla sijashika bisibisi.

Programu za namna hiyo mara nyingi hupachika ndani ya Windows spika na maikrofoni za kubuni, zisizo na umbo. Fikiria bomba: sauti inaingia upande mmoja, programu inaichuja, inatokea upande wa pili. Ulipoiondoa programu, aliyekuwa akikinga maji upande wa pili ameondoka. Bomba lenyewe, yaani draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), mara nyingi hubaki, na Windows inaendelea kumwaga sauti humo kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la sauti, na sehemu ya kwanza ni orodha ya spika. Sasa cheza wimbo wowote na uangalie vile vijistari vya kijani pembeni. Vikipanda na kushuka kwenye jina usilolijua huku wewe husikii kitu, umeshapata jibu: sauti ipo, inakwenda kusiko. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi jina la spika zako, kwenye laptopu nyingi huandikwa Realtek, uchague Set as Default Device. Usipoziona, bofya kulia mahali patupu kwenye orodha hiyo na uweke vema kwenye Show Disabled Devices. Huenda zilizimwa tu. Ziwashe kwa Enable.

Rudia hayohayo kwenye sehemu ya pili, ya maikrofoni. Hapo ongea, uone vijistari vikipanda. Watu wengi husahau sehemu hii, wakafurahia kusikia wenyewe huku darasa zima halisikii neno.

Naikazia orodha hii kwa sababu mwaka 2019 mpiga kinanda wa kwaya aliniletea laptopu bubu. Nikaifungua, nikanunua spika, nikazifunga, kimya kilekile. Kumbe sauti ilikuwa imeelekezwa kwenye runinga aliyokuwa akiiunganisha kwa waya wa HDMI. Nilimrudishia fedha yake yote, lakini mazoezi ya wiki nzima aliyoyakosa sikuweza kumrudishia, na bado linaniuma.

Baada ya hapo fungua Zoom. Ina uchaguzi wake wa spika na maikrofoni, kwenye mshale mdogo kando ya alama ya maikrofoni, na inaweza kuwa bado imeshikilia bomba hata kama Windows imeshapona. Chagua Realtek kote kuwili.

Sasa tung'oe bomba lenyewe. Bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc. Kwenye menyu ya View weka vema kwenye Show hidden devices, kisha fungua kundi la Sound, video and game controllers. Ukiona jina la ile programu, hata kama limefifia, bofya kulia na uchague Uninstall device. Kikitokea kisanduku cha kufuta draiva pamoja nacho, kitie vema, kisha zima na uwashe laptopu. Kisanduku hicho usikiguse kwenye Realtek. Ukiiondoa Realtek kwa bahati mbaya, usihangaike: ukizima na kuwasha, kwa kawaida Windows huweka draiva yake ya kawaida na sauti hurudi, ingawa draiva ya watengenezaji wa laptopu yako ndiyo bora kuirudisha baadaye.

Kupiga Windows upya kungeweza kuleta sauti, ni kweli. Lakini kungeweza pia kufuta masomo uliyorekodi kama hayakuhifadhiwa pengine, na kwangu kazi ya mwalimu si kitu cha kufutwa kwa sababu ya vema moja iliyokaa pabaya. Spika mpya nitakubali tu ukichomeka hedfoni sauti ikasikika vizuri, ukizichomoa, Realtek ikiwa imechaguliwa, vijistari vikapanda na bado kimya.

Ukikwama, niandikie majina yote unayoyaona kwenye orodha mbili za mmsys.cpl, herufi kwa herufi, na unitajie lipi lina duara la kijani lenye vema.